Ukarabati wa gari kuukuu katika barabara za majanichai: Anza chini ya chasisi, urefu na taa baadaye

Na MWANDISHI WETU

MVUA ya alasiri inapoanza kushuka katika vilima vya Kericho na Bomet, mkulima wa majanichai huanza kuhesabu saa. Majani yaliyochumwa tangu asubuhi yamekwisha kupimwa kituoni na yanangoja lori la kiwanda. Yakikaa mno ndani ya magunia hupata joto, hunyauka kabla ya wakati wake na kuanza kugeuka mekundu. Lori likizama matopeni kilomita mbili kabla ya kukifikia kituo, anayetafutwa kijijini si mhandisi wa barabara. Hutafutwa mwenye trekta, au mwenye Land Rover ya zamani.

Gari hilo, ambalo pengine lilitoka kiwandani kabla dereva wake hajazaliwa, lingali na kazi tele katika sehemu za Belgut, Bureti, Konoin na Bomet Mashariki. Hubeba mbolea, maziwa, mawe ya ujenzi, maharusi na wagonjwa. Usiku wa mvua ambapo mama mjamzito anahitaji kufikishwa hospitalini Kapkatet, Litein au Tenwek, wenye magari madogo huomba radhi, naye mzee mwenye Land Rover hugongewa mlango. Kwa hivyo, suala la jinsi ya kulitunza na kulibadilisha gari kuukuu ili lihimili njia mbovu si la wapenda mashindano peke yao.

Hata hivyo, ukizuru gereji za jua kali katika miji ya eneo hili, utaona kwamba mwenye gari akipata pesa za bonasi huzielekeza kwanza kwenye vitu vinavyoonekana: matairi mapana, taa za ziada juu ya paa, bampa nzito ya mbele, na springi za kuliinua gari hadi watoto washangae. Kwa maoni ya mwandishi huyu, utaratibu huo umepinduka. Gari kuukuu haliangushwi na ufupi wake. Huangushwa na maji yaliyoingia kwenye difu, breki zilizochoka na chasisi iliyoliwa na kutu, yaani mambo ambayo hayaonekani mpaka mtu alale chali chini ya gari akiwa na tochi.

Udongo wenyewe

Kabla ya kununua chochote, ni muhimu kuielewa ardhi. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za ukanda wa majanichai hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Mvua hiyo hugawanyika karibu mwaka mzima, huku miezi ya Aprili na Mei ikiwa na mvua nyingi zaidi, na kipindi cha Desemba hadi Februari kikiwa na afueni kidogo. Udongo ni ule mwekundu uliotokana na miamba ya volkeno, wenye kina kirefu, ambao mchai huupenda kwa sababu huhifadhi unyevu bila ya kutuamisha maji.

Sifa hiyo inayomfaa mkulima ndiyo inayomsumbua dereva kwa namna ya pekee. Mvua ikinyesha, sentimita chache za juu hugeuka kuwa kama sabuni, ilhali chini yake ardhi ingali ngumu. Gari halizami sana, huteleza. Hali hubadilika ukiteremka kuelekea Mulot na nyanda za Narok, ambako hupatikana udongo mweusi unaonata na kumeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Dereva aliyezoea huko chini akipanda Mogogosiek na mbinu zake zile zile, atajikuta mtaroni.

Aidha, barabara nyingi za vijijini zilichongwa kufuata miinuko na mabonde yanayoelekea mito kama Kipsonoi, Itare na Kiptiget. Zina mgongo katikati na mitaro mirefu pande zote mbili. Upande mmoja kuna ukingo wa udongo, na upande wa pili ni mteremko wa shamba la mtu.

Kwa nini magari haya hayajaisha

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka wa 1948. Ile iitwayo Series III, ambayo ndiyo huonekana zaidi miongoni mwa zile kuukuu, iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Zile zilizoirithi, ambazo baadaye ziliitwa Defender, ziliendelea kuundwa hadi Januari 2016 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilipotoa ya mwisho. Upande wa Japani, Toyota ilileta Land Cruiser za mfululizo wa 40 mwaka wa 1960 na kuzifuatisha na za mfululizo wa 70 mwaka wa 1984. Haya yote yalipita mikononi mwa mashamba makubwa, idara za serikali na misheni kabla ya kuuzwa kwa wananchi.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo, atakaye Land Rover ya 1978 hana budi kuitafuta miongoni mwa zilizomo nchini. Kila moja inayooza nyuma ya ghala ni moja iliyopungua. Bahati nzuri ni kwamba muundo wake ni sahili: bodi imefungwa kwa bolti juu ya chasisi, ekseli ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na fundi mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua yote chini ya mti.

Je, magurudumu yote manne yanavuta?

Swali hili huwashangaza wengi, lakini ni la msingi. Magari mengi kuukuu hubadilisha wenyewe mara tano au sita, na mmoja wao huenda aliiondoa propela shafti ya mbele ili kupunguza petroli, au habu za mbele zilikwama na hakuna aliyejali. Mnunuzi hugundua hilo siku ya matope.

Jaribio ni rahisi. Peleka gari kwenye nyasi zilizolowa au kokoto zilizolegea, funga habu za mbele iwapo zipo, tia nguvu ya magurudumu manne, kisha mwombe mtu asimame kando na kutazama gurudumu la mbele unapoondoka kwa ghafla kidogo. Katika Land Rover za Series, kitufe cha manjano hukandamizwa ili kuunganisha magurudumu ya mbele katika gia za juu, nacho kijiti chekundu huvutwa nyuma ili kupata gia za chini. Usilifanye jaribio hilo kwenye lami. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yameunganishwa moja kwa moja, mkazo hujilimbikiza ndani ya gia na shafti mpaka kitu kikatike.

Kuna jambo jingine kuhusu habu ambalo hata mafundi hulisahau. Katika Land Rover, beringi ya juu ya gurudumu la mbele hupata mafuta kwa kurushiwa na shafti inayozunguka. Habu zikiachwa wazi miezi mitatu kwa sababu ya kiangazi, shafti haizunguki na beringi hukauka. Zifunge japo kwa kilomita chache kila wiki, gari likiwa limebaki katika mwendo wa magurudumu mawili.

Difu iliyokunywa chai

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi huyu aliazimwa Land Rover ya Series III kwa safari ya Konoin. Njia ilikuwa na vijito viwili ambavyo maji yake hayakufika hata magotini. Tulivuka bila ya shida, tukarudi tukijipongeza. Majuma mawili baadaye, gari lilianza kunguruma kwa nyuma kama mtu mwenye pumu. Fundi alipofungua nati ya chini ya difu, kilichotoka hakikuwa mafuta meusi mazito. Kilikuwa kitu chepesi chenye rangi ya chai ya maziwa. Meno ya gia yalikuwa yamekwaruzika, beringi zimeota kutu, na gharama ya kurekebisha ilizidi pesa zote nilizokuwa nimeweka kando kwa ajili ya matairi mapya. Aliyeniazima gari hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kilichotokea ni fizikia ya shule ya upili. Ekseli iliyotembea kilomita 30 huwa na joto, na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Ikitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa hiyo hupungua na kuvuta kutoka nje. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo kilichokusudiwa kupitisha hewa, lakini kikizibwa na matope, ekseli huvuta maji kupitia sili za magurudumu na za difu. Kikiwa wazi lakini kimezama, huvuta maji moja kwa moja.

Dawa yake ndiyo badiliko la kwanza ambalo ningempendekezea mwenye gari yeyote kuukuu katika ukanda huu. Ondoa kipumulio, tia kiungio chenye mpira mwembamba kama ule wa petroli, upeleke mpira huo hadi juu karibu na ukuta wa injini au nyuma ya taa ya nyuma, na uufunge vizuri usiguse bomba la moshi. Fanya vivyo hivyo kwa giaboksi. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja na gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi moja.

Mbali na hayo, sili za duara la chuma nyuma ya magurudumu ya mbele hukatwa na kutu inayoota kwenye chuma chenyewe. Ukiona mafuta yametapakaa ndani ya gurudumu la mbele, usiridhike kwa kuongeza mafuta tu. Katika Land Cruiser, sili ya ndani ikichoka, mafuta ya difu hupita na kuchanganyika na grisi, na mwisho wake ni beringi isiyo na kinga. Baada ya kila safari ya kuvuka maji, legeza nati ya chini ya difu kidogo, tone la kwanza lidondoke mkononi, ulitazame rangi yake, kisha ukaze. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yakiwepo ndiyo yatakayotoka kwanza.

Breki na mteremko

Hapa ndipo roho za watu hupotea. Magari haya ya zamani hutumia breki za ngoma, ambazo hufanya kazi yake vyema zikiwa kavu na zimerekebishwa. Zikilowa, mguu hukanyaga na gari huendelea kwenda. Baada ya kuvuka kijito, endesha mita chache huku ukigusa breki kidogo ili viatu vikauke kwa joto. Fungua ngoma mara kwa mara katika msimu wa mvua, kwa kuwa matope mekundu hukauka humo na kusaga viatu kama msasa.

Land Rover nyingi za Series zina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Maana yake ni kwamba bomba moja likitoboka, breki zote hutoweka. Badiliko la kuweka silinda kuu yenye njia mbili pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu ya breki, kama vile vilivyotiwa kwenye matoleo ya baadaye, lina faida kubwa kuliko taa kumi za paani. Nayo mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa; katika eneo la mvua kama hili, yabadilishwe yote angalau kila miaka miwili.

Breki ya mkono nayo ina siri yake. Katika Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika propela shafti ya nyuma, nyuma ya giaboksi. Kwa sababu hiyo, ukiliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gari kusogea ijapokuwa breki imevutwa hadi mwisho. Weka jiwe au gogo kwenye magurudumu mengine, kila mara, hata mahali panapoonekana tambarare.

Kuhusu kuteremka penyewe, chagua gia ya kwanza ya chini kabla ya kuuanza mteremko, achilia klachi, na uiache injini ilishikilie gari. Anayekanyaga breki kwa nguvu juu ya udongo uliolowa huyafunga magurudumu, na gurudumu lililofungwa haliongozeki. Sehemu ya nyuma ikianza kujipindua, ongeza mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke tena. Jambo hili huhitaji moyo mgumu mara ya kwanza.

Matairi membamba yana hekima

Wauzaji huwashawishi vijana kununua matairi mapana. Kwenye mchanga wa Turkana au wa pwani, tairi pana huelea na husaidia. Katika matope mepesi yaliyolala juu ya ardhi ngumu, kama ya Kericho, tairi jembamba lenye meno marefu hulipasua tabaka la juu na kushika chini. Ukubwa wa 7.50 kwa rimu ya inchi 16, ambao umetumiwa na magari haya kwa miongo mingi, haukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Isitoshe, tairi pana hugonga springi usukani ukikatwa, huongeza uzito wa usukani usio na msaada wa mafuta, na hutia mkazo mkubwa kwenye shafti za ekseli.

Upepo nao ni kifaa cha bure. Tairi lililojazwa pauni 35 kwa inchi ya mraba likipunguzwa hadi 22 hivi, huongeza eneo linaloshika ardhi na meno yake hujisafisha vizuri zaidi. Hata hivyo, mwenye matairi ya tyubu asishuke mno, kwa kuwa tairi linaweza kuteleza kwenye rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Pia ni lazima uwe na pampu ya kujazia unaporudi kwenye lami, kwani tairi legevu likikimbizwa kasi hupata joto na kupasuka.

Minyororo ya matairi, ambayo madereva wa malori ya majanichai huifahamu vyema, ingali na nafasi yake siku ambazo barabara imekuwa mtelezo mtupu. Ikazwe upya baada ya mita mia moja, na iondolewe mara barabara inapokuwa ngumu. Minyororo huichimba barabara, na barabara hiyo hiyo kesho itapitiwa na lori la kiwanda.

Springi na tamaa ya urefu

Magari yanayoshiriki Rhino Charge yamewaathiri vijana wengi. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1989 na huchangisha pesa kwa shirika la Rhino Ark, lililosimamia ujenzi wa ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare uliokamilika mwaka wa 2009. Washiriki huwa na saa 10 za kufikia vituo 13 na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi. Ndiyo sababu huyapandisha magari juu ya mawe na kuyavusha makorongo, huku timu ikiwa kando na mafundi wakingoja kambini. Mwenye kubeba magunia ya mbolea kutoka Litein hana haja ya gari la namna hiyo, wala hana mafundi wanaomngoja.

Kuinua gari kwa sentimita tano hivi huleta nafuu bila ya madhara makubwa. Kuzidi hapo, kitovu cha uzito hupanda, na gari linaloinama ubavuni mwa mlima hupinduka mapema zaidi. Propela shafti hupata pembe kali na viungo vyake hukatika, mipira ya breki huwa mifupi na hunyooka gurudumu linapoteremka, nao usukani hupoteza utulivu. Anayeinua gari bila ya kurefusha mipira ya breki ameitega ajali yake mwenyewe.

Kosa jingine lililoenea ni kuongeza vyuma kwenye springi ili gari libebe zaidi. Springi ngumu mno huzuia gurudumu kufuata ardhi: upande mmoja ukipanda kwenye mgongo wa barabara, gurudumu la upande wa pili huning'inia hewani na kuzunguka bure. Mara nyingi springi kuukuu huwa zimeshikana kwa kutu tu. Zifunguliwe, chuma kimoja kimoja kisuguliwe na kupakwa grisi, vichaka vya mpira vibadilishwe, na bolti za kushikilia ekseli zikazwe tena baada ya kilomita 500. Wengi wamegundua kwamba gari lao halikuhitaji springi mpya.

Injini mpya katika mwili wa zamani

Injini ya petroli ya Series III ina ujazo wa sentimita 2,286 za mraba tatu na nguvu za farasi 70 hivi. Ni mvumilivu lakini hunywa petroli kwa kiu. Kutokana na bei ya mafuta, wenye magari wengi wameitoa na kuweka injini ya dizeli ya Kijapani, hasa za Isuzu na Toyota. Uamuzi huo una mantiki, kwa sababu spea zake hupatikana kila mji, na dizeli haina plagi za kulowa wakati wa kuvuka maji.

Hata hivyo, injini ni mwanzo tu wa hesabu. Dizeli nzito huhitaji springi imara zaidi mbele, rediata inayotosha, na kiungio cha giaboksi kilichochongwa kwa usahihi. Kikiwa na hitilafu ya milimita moja, beringi ya klachi haitamaliza mwaka. Nguvu ya ziada nayo hutafuta sehemu dhaifu. Katika Land Rover za Series, sehemu hiyo ni shafti za ekseli ya nyuma, ambazo hukatika gurudumu linapozunguka kwa kasi matopeni kisha likashika ghafla. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuondoa mguu kwenye mafuta mara gurudumu linapoanza kuzunguka bure.

Sharti pia nambari mpya ya injini iandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Gari ambalo injini yake hailingani na cheti cha umiliki huwa na matatizo barabarani, na tena siku ya kuliuza.

Bomba la kuvutia hewa kutoka paani linafaa kwa mwenye kuvuka mito mara kwa mara, na wakati wa kiangazi huvuta hewa yenye vumbi kidogo. Lakini lisimpe mtu ujasiri wa uongo. Injini ya dizeli ikivuta maji, pistoni hukutana na kitu kisichobanika na fito zake hupinda papo hapo. Na mto uliofurika baada ya mvua ya milimani haulitazami bomba hilo. Huliinua gari na kulichukua. Maji yanayokwenda kasi na yaliyopita kitovu cha gurudumu yasubiriwe, japo ni kwa saa tatu.

Mbolea ni adui wa chasisi

Wengi hudhani kwamba Land Rover haipati kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu. Chasisi na ukuta wa mbele ni vya chuma, na matope mekundu hujishindilia ndani ya pembe za chasisi na kukaa humo yakiwa na unyevu mwaka mzima. Katika ukanda huu kuna adui wa pili asiyetajwa vitabuni. Mbolea ya NPK 26:5:5 ambayo wakulima wa majanichai hugawiwa ni chumvi. Gunia likitoboka nyuma ya gari na punje zake zikalowa, maji yanayotiririka hula chuma na hata aluminiamu yenyewe, hasa pale metali hizo mbili zinapokutana.

Gari lililobeba mbolea lioshwe siku hiyo hiyo, ndani na chini, na matundu ya kutolea maji kwenye chasisi yazibuliwe kwa waya. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kila mwaka: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Baadhi ya watu hupaka oili chafu chini ya gari. Huzuia kutu kweli, lakini huharibu vichaka vya mpira na ikifika kwenye viatu vya breki ni hatari. Afadhali nta maalumu au grisi nyepesi iliyopakwa kwa uangalifu. Fundi anapolehemu chasisi, waya za betri na altaneta ziondolewe kwanza, na tangi la mafuta lisogezwe mbali.

Ukikwama

Hata gari lililotunzwa hukwama. Beba koleo, mbao mbili imara, jeki ndefu na ubao wa kuiwekea chini, pamoja na kamba pana ya kuvutia. Kosa baya kuliko yote ni kufunga kamba kwenye bampa au kwenye mpira wa kukokotea trela. Vitu hivyo hung'oka na kuruka kama risasi. Funga kwenye chasisi, mahali palipokusudiwa. Watu wote wasimame mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba, na waya wa winchi utandikwe blanketi au gunia zito katikati ili ukikatika uanguke chini.

Shamba la majanichai halina mahali pa kufungia winchi. Ukifunga kwenye shina la mchai, huenda likang'oka na utakuwa na mjadala mrefu na mwenyewe. Mikaratusi ya kando ya barabara inafaa, mradi utumie ukanda mpana usiomenya gome. Pasipo na mti, chimba shimo refu, zika tairi la akiba au gogo likiwa limelala, na uvute kwa mshazari wa chini. Kazi hiyo huchukua muda usiopungua saa nzima, na ndiyo sababu koleo likawa la kwanza katika orodha.

Gari likisharudi nyumbani, kazi haijaisha. Bunduki ya grisi ipitishwe kwenye viungo vyote vya propela shafti mpaka grisi mpya itoke na kusukuma nje maji na matope. Maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe. Bakuli la oili la chujio la hewa, kwa magari yenye chujio la aina hiyo, lifunguliwe na kusafishwa, kwa kuwa mteremko mkali humwaga oili yake bila ya dereva kujua. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kwa gari linalotumia gia za chini kila siku. Kisha mlalo mmoja chini ya gari na tochi, kuangalia ni wapi pamelowa ambapo jana palikuwa pakavu.